Ushauri wa daktari usiishie mlangoni mwa ukumbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumze na wenzangu wa Moshi, hasa wale wenye dhamana ya kuandaa vikao, misiba, harusi na mikusanyiko ya ibada, kuhusu kile tunachowalisha watu tunapowaita, muda tunaowaketisha, na maneno tunayowaambia wakiwa hapo. Jambo hili linaonekana dogo. Mimi naamini kwamba, kuliko hotuba nyingi za wataalamu, ndilo linaloamua kama mtu mwenye presha au kisukari katika mji wetu ataweza kufuata ushauri aliopewa, na kama yule asiye na ugonjwa ataendelea kubaki hivyo.

Mgonjwa anapotoka kliniki huambiwa apunguze chumvi, sukari na mafuta, ale mboga na matunda, afanye mazoezi, alale vya kutosha na apunguze mawazo. Ushauri huo ni sahihi, na wauguzi wetu huutoa kwa subira ambayo hatuwashukuru vya kutosha. Hata hivyo hutolewa kwa mtu mmoja, kana kwamba mtu huyo anapika peke yake na kula peke yake, ilhali maisha yetu hayako hivyo. Katika wiki ya kawaida mkazi wa Majengo, Pasua, Njoro au Kiboriloni huwa na kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, jumuiya au darsa, kikao cha kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, na mara nyingi mno msiba wa kuhudhuria. Kote huko ataketi, atapewa kinywaji, atapewa sahani, na kote huko atatazamwa anavyokula. Nia aliyoiweka mbele ya daktari asubuhi inakutana na sinia la maandazi saa kumi alasiri, na mbele ya sinia hilo hayuko na daktari, yuko na mawifi na mashemeji zake.

Ukubwa wa tatizo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na kisukari. Ubaya wa presha ni kwamba haibishi hodi. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na kipimo cha 160 kwa 100, wakati 140 kwa 90 tayari ni presha ya juu, akawa analima, anafungua duka lake na kuimba kwaya bila maumivu yoyote, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiendelea kuumia. Siku familia inapofahamu, inafahamu kwa kiharusi.

Sasa nieleze kikao cha kikundi cha akina mama kinavyokuwa, kwa kuwa mimi ni katibu wa kikundi cha namna hiyo na mambo haya nimeyaona kwa miaka. Viti vya plastiki hupangwa barazani kwa mwenyeji wa zamu. Kabla hata muhtasari haujasomwa, binti wa nyumba hupita na sinia la soda baridi, na nyuma yake hufuata bakuli la maandazi, sambusa au chapati. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hivi, kiasi cha vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaihitaji kwa siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na kwamba ikishuka hadi gramu 25 ndiyo bora zaidi. Maana yake ni kwamba mama aliyekunywa chupa ile moja amekwisha kupita kiwango bora cha siku nzima, na bado hajanywa chai ya jioni. Baada ya hapo ataketi kwa saa mbili au tatu wakati hisa zikihesabiwa na marejesho yakisomwa, na akimaliza atapanda bodaboda hadi nyumbani.

Katika kikundi chetu walikuwamo wanachama wenye kisukari, nasi tulilijua hilo. Walipokea chupa kama wengine wote, wakaishika mkononi kwa muda, wakaonja, na mara nyingi wakaimaliza. Mmoja wao aliulizwa baadaye kwa nini hakukataa, naye akajibu kwamba ukikataa soda ya mwenyeji watu husema unaringa, au husema una ugonjwa, na yote mawili hakutaka kuyasikia. Jibu hilo lilitushughulisha kuliko takwimu yoyote. Tulikuwa tunamwachia mtu mgonjwa achague kati ya heshima yake na afya yake, kila Jumamosi, halafu tukimwona amelazwa tunachangishana fedha za kumpelekea hospitali.

Tulichobadilisha hakikuwa kikubwa. Mwenyeji wa zamu sasa huandaa maji ya kunywa, na wakati wa baridi chai ya rangi ya mchaichai au tangawizi isiyotiwa sukari, sukari ikiwekwa pembeni kwa anayeitaka. Badala ya vya kukaangwa tunapata mahindi ya kuchemsha yanapokuwa msimu wake, magimbi au viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga zisizotiwa chumvi, na matunda ambayo Moshi hatuna sababu ya kuyakosa: ndizi mbivu, papai, parachichi, maembe. Matunda tunayakata vipande na kuyala hivyo hivyo, wala hatuyasagi kuwa juisi, kwa sababu juisi hupoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi ambazo ndizo zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, na mtu hunywa kwa dakika moja machungwa matano ambayo asingeweza kuyala. Soda chache tumeziacha kabatini kwa makusudi. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla, akaanza kutokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na hapo kinywaji chenye sukari ndicho msaada wa haraka. Kila mwanachama wetu amefundishwa kulitambua hilo, pamoja na kutomnywesha mtu aliyekwisha kupoteza fahamu.

Upinzani ulikuwapo, tena kutoka kwa wanachama tunaowaheshimu sana. Bibi mmoja alisema kwamba mgeni hakaribishwi kwa maji matupu, na kwamba yeye tangu aolewe hajawahi kumpa mtu maji akayaita makaribisho. Nilimwelewa. Kwa kizazi chake soda ilikuwa kitu cha Krismasi na Idi, na kumpa mtu soda ilikuwa kumwambia kwamba anathaminiwa. Hatukubishana naye juu ya ukarimu, maana ukarimu ndio tunaoutetea sote. Tulimwomba yeye mwenyewe atuandalie kikao kwa namna ambayo mama yake angempokea mgeni kabla soda haijazoeleka, naye akatuandalia uji wa ulezi na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage hadi zikashikana, na hakuna aliyeondoka akisema hakukaribishwa. Mshika fedha wetu naye alitoa taarifa kwamba gharama ya vitafunwa imeshuka, na kilichobaki kikaingizwa katika mfuko wa jamii, ambao husaidia mwanachama anapopatwa na shida.

Chakula cha asili cha mkoa huu kinastahili kuzungumzwa kwa haki, kwa kuwa wapo wanaokidharau na wapo wanaokisifu kupita kiasi. Kihamba cha Mchagga, yaani shamba linaloizunguka nyumba yake, kimebeba chini ya migomba karibu kila kitu ambacho mtaalamu wa lishe angekiagiza: ndizi za aina nyingi, maharage, magimbi, viazi vikuu, maboga na majani yake, mnafu, mchicha, parachichi, na maziwa ya ng'ombe aliyefungwa bandani. Ndizi, maharage na mboga za majani zina potasiamu, madini ambayo huusaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi, ingawa mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari wake kiasi gani kinamfaa. Maharage humshibisha mtu kwa muda mrefu na kuipandisha sukari ya damu polepole. Dagaa waliojaa katika Soko la Mbuyuni wana protini na madini ya chokaa kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Lakini si kila kilicho cha kwetu ni chema. Mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, uliomiminiwa mafuta mengi, nyama choma ya kila mwisho wa wiki, supu ya asubuhi yenye mafuta yanayoelea, na mbege, pombe yetu ya ndizi, inayoanza kunywewa mchana hadi usiku haviwi salama kwa sababu tu babu zetu walivijua, na babu zetu wenyewe hawakula nyama kila wiki.

Hatari mpya zaidi iko katika vitu viwili ambavyo havionekani sahanini. Cha kwanza ni chumvi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa vyakula vyote vya siku hiyo, nasi katika sufuria la shughuli tunatia chumvi, kisha viungo vya pakiti ambavyo navyo vimejaa chumvi, kisha tunaweka kichupa cha chumvi mezani. Cha pili ni mafuta ya kukaangia yanayotumiwa tena na tena hadi yakawa meusi. Sitaki kuwaharibia riziki vijana wanaouza chipsi katika mitaa yetu, maana wengi wao wanasomesha wadogo zao kwa kazi hiyo, lakini kijana anayekula chipsi mayai kila usiku na kuzishushia na soda anajiwekea akiba ya ugonjwa, na mzazi mwenye uwezo wa kuacha sahani ya ndizi na maharage nyumbani amwachie.

Harusi na misiba ndiyo migumu zaidi. Kamati ya harusi hukutana kwa miezi, na kila kikao kina vinywaji vyake. Siku yenyewe kuna ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa, pilau, kuku, na makreti ya soda na bia yaliyopangwa hadi ukutani. Sisemi ndafu iondolewe, wala sigusi desturi ya kila ndugu kupata sehemu yake ya nyama, kwa sababu desturi hizo zinatuunganisha. Ninachoomba ni mpangilio. Kachumbari isiwe kijiko kimoja pembeni ya sahani, iwe bakuli kubwa. Mboga za majani ziwekwe mwanzoni mwa meza ya chakula, mahali mtu anapofika sahani yake ikiwa bado tupu, kwa sababu anayezikuta mwishoni hana tena pa kuziweka. Maji yawe mezani kabla ya kinywaji kingine chochote. Matunda yatolewe kwa wingi ule ule wa keki. Kwenye msiba, ambako waombolezaji hukaa siku kadhaa kwenye maturubai wakila wali na nyama na kunywa chai yenye sukari nyingi, wenye kusimamia jiko wawaulize wanaofika ni nani wanaotumia dawa na wanakula saa ngapi. Nimeona mara nyingi mfiwa mwenye presha akipitisha siku nzima bila kumeza vidonge vyake kwa kuwa hakuna aliyemkumbusha, na yeye mwenyewe alikuwa katika hali ya kutokumbuka lolote.

Kuhusu mwendo wa mwili nitakuwa mfupi, kwa kuwa kinachotakiwa kinafahamika. Mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kumtoa jasho kidogo, kama kutembea kwa haraka, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Mji wetu umejengwa kwa namna inayoruhusu jambo hilo: kutoka Majengo hadi stendi kuu si safari ya kumtisha mtu mwenye afya, na akina mama wa Uru, Kibosho na Old Moshi waliteremka kwa vizazi vingi wakiwa na mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni na kupanda tena mlima jioni. Leo fundi cherehani, karani, muuza duka na dereva huketi tangu asubuhi, na mapumziko yao pia ni ya kuketi. Kila mwaka tangu 2003 mji huu hupokea maelfu ya wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathoni, na Septemba 2025 tulishangilia Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, lakini mwili wa mtu wa kawaida hauhitaji ubingwa. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri, ndiyo maana matembezi ya dakika 15 baada ya chakula yana faida ambayo mgonjwa wa kisukari anaweza kuiona kwenye kipimo chake siku hiyo hiyo. Katika kikundi chetu tumekubaliana kusimama na kujinyoosha kila ajenda moja inapokwisha, na baada ya kikao tunarudi kwa miguu kwa makundi, kila kundi na upande wake. Kutembea kwa kundi kumetatua pia shida ya giza, kwa sababu mwanamke kutembea peke yake saa moja usiku si jambo la kumlazimisha. Hapo Manispaa inahusika: mitaro iliyo wazi, taa za barabarani zisizowaka na njia za waenda kwa miguu zilizogeuzwa maegesho zinawafanya watu wapande bodaboda hata pale ambapo wangependa kutembea.

Jambo ambalo ningependa wasomaji walitafakari zaidi ni la akilini, kwa sababu ndilo linaloyavuruga mengine. Kwetu unene umehesabiwa kuwa ushahidi wa ndoa njema na biashara inayokwenda. Mwanamke aliyepunguza uzito kwa jitihada, kwa ushauri wa daktari, akiingia kwenye kikao husalimiwa kwa swali: "Mama, mbona umekonda hivyo, kuna nini nyumbani?" Mume wake huulizwa kama hamlishi mkewe. Tena lipo neno lisilosemwa waziwazi, la wale waliokumbuka miaka ambayo UKIMWI ulikuwa haujapata dawa za kufubaza virusi, wakati kukonda kulikuwa habari ya kifo. Hofu hiyo haijatutoka, na mtu aliyepungua kilo chache huanza kunong'onwa. Najua waliorudia ulaji wao wa zamani kwa kusudi moja tu, kuzima minong'ono. Upande wa pili, binti mnene hutaniwa mbele ya watu hadi anaacha kula kabisa au anajificha kula. Tukiweza kuacha kuusemea mwili wa mwenzetu, kwa sifa au kwa kejeli, tutakuwa tumewaondolea wengi kikwazo kikubwa. Salamu zetu ni nyingi na nzuri. Zinatosha bila kumpima mtu kilo kwa macho.

Kisha kuna mawazo yanayomkosesha mtu usingizi, na kwa akina mama wa mji huu mengi yanatokana na madeni. Mikopo ile ya mitaani ambayo watu wameiita kausha damu, yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, inawafanya wanawake waamke usiku wa manane wakihesabu, wajifiche wakisikia pikipiki langoni, na wawafiche waume zao. Mtu anayepata usingizi wa saa nne tu kwa usiku kwa sababu ya wasiwasi hawezi kufuata mpango wowote wa ulaji, kwa sababu mwili uliokosa usingizi hutamani vitamu na vya mafuta, na presha yake haitulii. Sisi tulianza utaratibu wa kuulizana hali kabla ya kuhesabu hisa: kila mmoja anaruhusiwa kusema wiki yake ilikuwaje, au kunyamaza, na linalosemwa halitoki barazani. Kwa utaratibu huo mwanachama mmoja aliyekuwa amezongwa na mikopo ya aina hiyo alipata ujasiri wa kuitaja yote, na kikundi kikamkopesha kwa masharti yetu akayamaliza madeni yale. Presha yake bado anaitibu, lakini sasa analala.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Kuzungumza na wenzako hakutibu sonona. Mtu aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa majuma, asiyelala au anayelala mchana kutwa, anayejiona hana thamani, apelekwe hospitali kama anavyopelekwa mwenye malaria, na anayezungumzia kujitoa uhai asiachwe peke yake hata kidogo. Maombi na matibabu vinaweza kwenda pamoja, na nawashukuru viongozi wa dini wanaosema hivyo madhabahuni na mimbarini. Kwa wanaume nina ombi la pekee, kwa kuwa wao vikao vyao vingi hufanyika baa: wawaache wenzao waseme kwamba wamelemewa bila kuwajibu kwa kuwaagizia bia nyingine.

Vilevile chakula na mazoezi havichukui nafasi ya dawa. Katika mabasi, masokoni na kwenye simu zetu wamejaa wauzaji wa dawa za kusafisha sumu mwilini na kumaliza kisukari kwa wiki chache, na wapo wagonjwa walioacha vidonge vyao kwa kuwaamini. Ini na figo ndizo zinazosafisha mwili, na hazihitaji chupa ya mtu wa stendi. Aliyeandikiwa dawa ya presha asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Presha haibishi hodi, na kinachoizuia isipande ni hiyo dawa.

Wapo watakaosema kwamba afya ya mtu ni juu ya mtu mwenyewe, na kwamba vikundi vijishughulishe na fedha. Nchi hii ilikwisha kuonyesha vinginevyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakisoma na kujadili namna ya kuzuia magonjwa kama malaria, safura na kuhara, kisha vikundi hivyo hivyo vikaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyohusu lishe. Wazee wetu hawakuambiwa kila mmoja akachimbe choo chake kimya kimya. Walikaa, wakakubaliana, wakasimamiana. Magonjwa ya leo ni mengine, hayaletwi na mbu wala maji machafu, lakini tabia inayoyaleta tunaifanya kwa pamoja, na vikundi tunavyo tayari, vyenye wenyeviti, makatibu, mihtasari na faini kwa wachelewaji.

Kwa hiyo, Mhariri, msimu wa Desemba unapokaribia, wakati ndugu zetu wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanaporudi nyumbani na shughuli zinapofuatana karibu kila siku hadi Mwaka Mpya, naziomba kamati zote ziingize katika ajenda yao kipengele kimoja cha chakula na vinywaji, kijadiliwe kabla makreti hayajaagizwa. Viongozi wa jumuiya, makanisa na misikiti wamwalike muuguzi wa zahanati ya karibu apime presha na sukari baada ya ibada, ili mtu apimwe mahali alipo bila kupoteza siku ya kazi. Waajiri wanaowapa wafanyakazi chai ya saa nne wajue kwamba muhogo wa kuchemsha au yai na tunda vinaweza kuchukua nafasi ya maandazi mawili. Na gazeti lako, ambalo hutangaza harusi na vikao vingi, likubali kuchapisha barua za vikundi vingine vilivyojaribu njia zao, kwa kuwa naamini wapo waliotutangulia na sisi tungependa kujifunza kwao. Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri, na katibu au mshika fedha wa kikundi chochote cha hapa mjini anayependa kuja kuangalia hesabu zetu za vitafunwa, za kabla na za sasa, ataonyeshwa daftari.

Wako katika ujenzi wa jamii,

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa,
Majengo, Moshi